Tulivyomshonea Lillan Mablanketi

Mmenitumia ujumbe, vijana wa darasa la Kiswahili la Kista, mkitaka niwaandikie rekodi ya roketi yetu: imeruka mara ngapi, imeanguka mara ngapi, na ni safari zipi zimepangwa. Nimecheka peke yangu jikoni. Hayo si mngeyapata kwenye simu zenu kabla chai haijapoa? Lakini kwa kuwa mmeniuliza mimi, bibi wa Akalla mwenye magoti mabovu, itabidi mvumilie na yale ambayo simu haiyajui. Na msome mpaka mwisho, maana nawajua: mkiulizwa kwa Kiswahili mnajibu kwa Kiswidi, na mkiandikiwa kurasa mbili mnasoma ya kwanza.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mwanaidi, wengine wananiita Mama Zawadi. Ni mzaliwa wa Morogoro, na tangu usichana kazi yangu ni cherehani. Hapa Stockholm nimeshona mapazia ya hoteli, nimeshona mahema, na miaka yangu ya mwisho kazini nilishona mablanketi ya roketi. Ndiyo, roketi. Ilikuwa ndogo, ya kampuni ndogo, kazi yake kuwapandishia wateja setilaiti zao. Karakana ilikuwa upande wa nyuma wa Kista, jengo la bati la kijivu ambalo ukipita nje ungedhani wanauza matairi. Kurushwa ilirushwa kaskazini kabisa kwenye theluji, mbali na sisi. Karakanani tuliiita Lillan, jina ambalo Waswidi humpa mtoto wa kike mdogo wa nyumbani, na baada ya muda hakuna aliyemsema tena kama chombo. Lillan amekula, Lillan amekasirika, Lillan hataki leo.

Najua mtakachouliza: roketi ina haja gani na blanketi? Ina haja kuliko wewe. Kule juu upande unaopigwa na jua unaungua na upande wa kivuli unaganda. Hata kabla ya kuruka, tumboni mwake kuna vitu vya baridi kali vinavyokaa jirani na vitu visivyotaka baridi. Kwa hiyo betri hufunikwa, mabomba hufunikwa, vali hufunikwa. Blanketi lenyewe ni karatasi nyembamba zinazong'aa, tabaka juu ya tabaka, na katikati ya kila tabaka kuna wavu laini kama wa chandarua.

Siku yangu ya kwanza nilitaka waone kwamba Morogoro tunajua kushona. Nikakaza uzi, nikanyoosha ukingo, blanketi likalala bapa kama limepigwa pasi. Mkubwa wa chumba cha ushonaji alikuwa bibi wa Kiswidi aitwaye Gunvor, aliyewahi kushona matanga ya mashua kabla ya kuingia humo. Akaligeuza, akalitazama, akachukua mkasi mdogo, akafumua lote bila kusema neno. Nikasema moyoni, huyu mama ana roho mbaya. Nikashona tena, nikakaza zaidi. Akafumua tena. Mara ya tatu akanishika kidole na kukibonyeza kwenye blanketi alilolishona yeye, likabonyea na kuinuka tena kama andazi. Ndipo nikaelewa. Tabaka zikigusana, joto linapata njia ya kupita. Blanketi la roketi linatakiwa livimbe, na mshono unaosifiwa kwa fundi wa magauni, kwetu ulikuwa mshono mbaya.

La pili alilonifundisha ni matundu. Lillan akipanda, hewa iliyobaki ndani ya blanketi inatafuta mlango wa kutokea. Usipoiachia mlango, inajitengenezea yenyewe, na hapo huna blanketi tena, una matambara yanayopeperuka. Kwa hiyo tulitoboa vitundu vidogo, na kila kitundu kilikaa mahali pake kwa sababu. Gunvor alikuwa na maneno machache, na mengi ya hayo aliyasema na sindano yake.

Sindano nazo zilikuwa na sheria. Ikivunjika, hakuna anayeendelea na kazi mpaka vipande vyote vionekane, maana kipande cha chuma kikiingia kwenye waya za Lillan ni msiba. Siku moja ncha ya sindano ilipotea. Wahandisi walikuja kutusaidia, watu wazima na shahada zao, wote wako sakafuni kwa magoti wakimulika na tochi. Tulitafuta mpaka mtu mmoja akaanza kulaani. Kumbe ncha ilikuwa imechomeka kwenye kilemba cha mwenzangu Goreti, na Goreti mwenyewe ndiye aliyekuwa ameinama kuliko wote, anatafuta huku anaimba wimbo wa kanisani. Tulicheka hadi Gunvor akalazimika kukaa.

Goreti alikuwa Mrundi wa Bujumbura, aliyefika hapa kama mkimbizi akiwa na watoto wadogo. Katika jengo lile lote mimi na yeye ndio tuliokuwa na Kiswahili, ingawa cha kwake kilikuwa na mwendo wake na changu kilikuwa na mwendo wangu. Kila mtu mle alikula kwenye kopo lake, macho kwenye simu. Sisi tulichanganya, maharage yake na wali wangu, tukasemana, tukasema wengine, tukacheka kwa sauti ambayo Waswidi waliivumilia kwa adabu. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshafiwa na mume, na Zawadi wangu alikuwa amehamia Göteborg. Nyumbani Akalla kulikuwa na mimi na redio. Nawaambia kweli, saa ile ya chakula ndiyo iliyokuwa siku yangu yote.

Haya, rekodi. Safari ya kwanza, Lillan aliinuka kidogo, kama aliyekumbuka kitu nyumbani, akarudi. Moto, moshi, kisha kimya. Lennart, mkuu wa urushaji, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, aliporudi kutoka kaskazini alikuja karakanani na keki ya kijani. Waswidi bwana, harusini keki, msibani keki. Nikataka kumfariji, nikamtafsiria kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akafikiri sana, akaniuliza ni koleo la aina gani.

Safari ya pili Lillan alipanda vizuri, akaachana na sehemu yake ya chini kama ilivyopangwa, lakini injini ya juu ikagoma kuwaka. Akaishia kwenye bahari ya barafu. Keki tena. Safari ya tatu alifika. Alifika kweli, akaziachia setilaiti zake moja moja, na sisi chumba cha ushonaji tulishikana mikono, Gunvor katikati, bibi asiyecheka akawa analia. Alistaafu baada ya hapo, akatuachia mimi na Goreti chumba, mkasi wake mdogo, na amri kwamba tusimpigie simu kumwuliza lolote, maana tulikuwa tunajua.

Sasa niwaeleze duru, kwa sababu mambo yote yaligeukia hapo. Kabla ya kurusha, Lennart alikuwa na utaratibu wa kuzunguka kwa sauti, watu wote wakiwa kwenye laini moja, wa kaskazini na wa Stockholm. Anaita kitengo, kitengo kinajibu, anaita kinachofuata. Mafuta? Tayari. Injini? Tayari. Mablanketi? Tayari. Kampuni ilikuwa ndogo kiasi kwamba hata sisi mafundi cherehani tuliitwa, na msidhani tulikuwa mapambo. Ukisema bado, kila kitu kinasimama mpaka ujieleze. Mwaka mzima nani ananiita mimi na kungoja nitasema nini? Basi siku za duru nilivaa vizuri, ingawa hakuna aliyeniona.

Tena kuna jambo ninyi mliozaliwa hapa mnaweza msilijue vizuri, ingawa mama zenu wanalifanya kila siku kwenye simu. Siku moja shangazi yangu alinipigia kutoka Morogoro. "Hujambo mwanangu?" "Sijambo shangazi, shikamoo." "Marahaba. Habari za huko kwenye baridi?" "Nzuri, za huko?" "Nzuri. Watoto salama, mvua imekubali, mahindi safi mwaka huu. Ila kaka yako tumemzika jana." Mswidi akisikia hivyo anadhani tuna wazimu. Mimi nilijua shangazi alikuwa ananishika mkono kwanza ili nisianguke. Baya kwetu haliingii kwa mguu wa mbele. Unaanza na nzuri, halafu unavuta pumzi, halafu "ila", na msikilizaji mwenye adabu anaisubiri hiyo ila, kwa sababu habari yenyewe imo humo.

Safari ya nne, aliyekwenda kaskazini kumvalisha Lillan mablanketi alikuwa Goreti. Mimi nilibaki Kista, nasikiliza kwenye laini. Lennart akazunguka. Akafika, "Mablanketi?" Goreti akajibu, "Vizuri, tayari." Kisha Lennart, "Betri?" na betri wakajibu, na duru ikaendelea mpaka mwisho. Lillan akaruka. Alikwenda vizuri hadi ile injini ya juu ilipotakiwa kuwaka mara ya pili. Vali haikufunguka. Akapotea, pamoja na setilaiti zote alizobeba.

Walipokutana kuchunguza, tulikusanyika chumba cha mikutano, kahawa mezani, hakuna anayekunywa. Lennart akacheza sauti iliyorekodiwa ya duru. Tukasikia, "Mablanketi?" Tukasikia, "Vizuri, tayari." Akaongeza sauti na kurudisha. Ndipo tukasikia pumzi, na nyuma ya pumzi neno dogo, "ila", na juu yake sauti yake mwenyewe Lennart inasema, "Betri?"

Akamgeukia Goreti, kwa upole wake uleule. "Ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kusema kwamba ncha moja ya utepe wa gundi ilikuwa imeinuka kwa ajili ya baridi," Goreti akajibu. "Pale kwenye vali. Niliibana kwa kiganja mpaka ikashika. Nilitaka mtu mwingine aitazame."

"Lakini ulisema vizuri."

"Ilikuwa vizuri. Kwetu mtu haanzi na baya."

"Mbona hukurudia?"

"Ulikuwa umeshafika kwenye betri."

Lennart aliinamisha kichwa, na nadhani alikuwa anajilaumu yeye. Hakumgombeza, wala hakuna aliyemgombeza. Ingekuwa kwetu mtu angepiga meza, mwingine angelia, mwisho wangepatana. Hapa walimshukuru kwa maelezo, wakafunga kompyuta zao.

Uchunguzi ukaandika labda ni vali yenyewe, labda ni blanketi lililoacha baridi ipenye. Labda na labda. Mabaki yalikuwa chini ya bahari, na huko hakuna wa kuulizwa.

Kisha ikaja kanuni mpya. Tangu hapo kwenye duru Lennart hakuuliza tena kama mko tayari. Aliuliza, "Nini kibaya?" na akishauliza anakaa kimya kitambo, hata kama umejibu, kukupa nafasi ya kuongeza. Kanuni nzuri, vijana wangu. Mficha uchi hazai, na nawasihi mkaitumie huko makazini mwenu. Wageni waliotembelea karakana walielezwa kwa fahari. Lakini kila ilipoelezwa, watu wote mle walijua imetoka kwa nani, na Goreti alijua kwamba wanajua. Akawa anakula kabla yangu, eti ana haraka. Akaacha kuimba. Nilimwuliza, "Una nini dada?" Akasema, "Hakuna kitu, niko salama." Salama! Nikangoja ila yake, haikuja. Kabla Lillan hajawa tayari kwa safari ya tano, Goreti akaaga. Keki.

Nilimpigia mara moja. Habari? Nzuri. Za watoto? Nzuri. Sikuwa na la kumwambia, maana uchunguzi bado ulikuwa unasema labda. Nikajiambia, nitampigia tena nikiwa na habari njema. Nilijiona mwenye adabu kwa uamuzi huo. Miezi ikawa miaka, na nilipojaribu namba yake tena ilikuwa haiiti.

Safari ya tano ilifanikiwa. Niliyashona mablanketi yote mwenyewe, chumba kizima changu, na kijana mmoja wa kutoka kitengo cha nyaya akafundishwa kuyavalisha. Kwenye duru Lennart akauliza, "Mablanketi, nini kibaya?" Nikasema, "Hakuna." Akangoja. Sikuwa na la kuongeza. Lillan alipofika kule anakofika, watu walikumbatiana, nami nilikumbatiwa na watu watatu ambao siwakumbuki majina. Nikatafuta wa kumwambia kwa Kiswahili, hakuna. Nikampigia Zawadi. "Grattis mamma," akasema, yaani hongera, na akaomba anipigie baadaye kwa kuwa yuko kazini. Ni mtoto mzuri, msimseme. Nikapanda treni, nikashuka Akalla, nikapika pilau ya watu wanne kwa mazoea, nikala, nyingine nikaigandisha. Nilikuwa mpweke. Nalisema waziwazi kwa sababu wazee wenu hawatawaambia, watawaambia nzuri.

Nikastaafu muda mfupi baadaye. Kustaafu hapa ni hivi: wanakupa maua, wanakushika mkono, na kesho yake kadi yako haifungui mlango. Sikulalamika, ndio utaratibu. Nilijipangia siku. Asubuhi napanda treni ya buluu hadi mjini bila kazi yoyote, naangalia watu wanavyokaa mbalimbali kwenye viti, narudi. Jioni nasoma habari za Lillan. Vyaelea vimeundwa, nami najua vimeundwa na nani, lakini ukiwa peke yako sebuleni hilo unamwambia nani?

Nisije nikasahau mlichouliza, safari zilizopangwa. Ya sita ilipangiwa setilaiti ya wanafunzi wa chuo ya kupima theluji, na nyingine ndogo ya kusikiliza meli ziko wapi baharini. Ya saba itabeba mbili za kuangalia moto wa misitu, maana siku hizi hata misitu ya huku inaungua. Ya nane imetajwa tu, haina mteja. Na kuna mpango wa Lillan mkubwa zaidi, dada yake, ambao niliusikia tangu siku ya kwanza niliyoingia na nadhani mtausikia hata ninyi mkistaafu. Kwenye kazi hii mipango ni mingi kuliko safari. Tarehe ya kurusha ni tarehe ya kuanza kuahirisha.

Sasa hivi majuzi, mchana, simu ikaita. Lennart. Akaanza kama alivyotufundisha. "Baya ni kwamba safari ya sita imesogezwa mbele wiki mbili."

"Na jingine?" nikamwuliza.

Wakati wakijaribu vali mpya za ya sita mezani, akasema, moja iligoma kufunguka. Ndani ya karakana, kwenye joto, bila blanketi lolote. Walipoifungua walikuta mpira wa ndani umevimba kwa kulowa mafuta. Wakarudi kwenye kumbukumbu za safari ya nne, ishara zile za mwisho alizotuma Lillan, wakalinganisha. Ni ugonjwa uleule. "Haikuwa blanketi, Mwanaidi," akasema. "Utepe ulishika. Nimemtafuta Goreti simpati. Unajua aliko?"

Sikujua, lakini Stockholm ya Waswahili ni kijiji. Nikamwuliza mama mmoja Mkenya tunayekutana naye kwenye duka la unga na mihogo, naye akasema, "Goreti yule Mrundi? Si ako Skärholmen, ana kaduka ka kurekebisha nguo pale ndani ya soko." Miaka yote hiyo. Treni ya buluu hadi mjini, ya nyekundu hadi Skärholmen, umefika. Nilikuwa nimeipita njia hiyo mara nyingi kwenda kununua mboga kwenye uwanja wa soko kule.

Nilimkuta kwenye cherehani, pini mdomoni, suruali ya mtu mapajani. Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele nyeupe zilichungulia chini ya kilemba. Akanitazama, akatoa pini.

"Dada Mwanaidi? Ni weye huyu?"

"Ni mimi."

"Habari?"

"Nzuri. Za hapa?"

"Nzuri tu. Keti, keti hapo, sukuma hizo nguo."

Nikakaa. Nikamwambia, "Lennart amenipigia." Mguu wake ukaacha kukanyaga. "Haikuwa blanketi, Goreti." Nikamweleza yote, vali, mpira uliovimba, ishara, utepe ulioshika. Nilieleza vizuri, maana nilikuwa nimefanya mazoezi ndani ya treni, na nilikuwa na furaha kama mtu anayeleta mahari.

Alisikiliza akiangalia ile suruali. Nilipomaliza alifuta macho kwa kiganja, upande huu, kisha upande huu.

"Asante," akasema. "Mungu anajua. Kila baridi ikishika, mi niko naona ile ncha."

"Sasa imekwisha."

"Imekwisha." Akachukua suruali, akaitazama, akairudisha chini. "Dada, na kama ingekuwa blanketi? Ungekuja?"

Nilifungua mdomo kusema ningekuja, na Kiswahili changu chote kikanikimbia. Mteja aliingia na koti lililokatika zipu, Goreti akampokea, akampa tiketi, akamwambia arudi Jumanne.

Aliporudi hakurudia swali. Akasema tu, bila hasira, "Mi sikuwa nangoja habari. Nilikuwa nangoja weye."

Nikalia. Mtu mzima, dukani, kati ya makoti ya watu. Nililia kwa ajili ya wali nilioula peke yangu, na kwa ajili ya maharage yake aliyoyala peke yake, treni mbili tu katikati. Akaniacha nilie, akaendelea kushona kipindo, kwa mshono wa kukaza, maana suruali si roketi. Kisha akasema, "Jumamosi niko nafunga mapema. Njoo nyumbani tule. Usilete habari yoyote."

Siku mbili kabla, Lennart akanitumia ujumbe. Vali zimeshabadilishwa, hali ya hewa ya kaskazini imekuwa nzuri, Lillan anaruka Jumamosi mchana, na wastaafu wote wamealikwa kwenye laini. Tena, kwa heshima ya chumba chetu, safari hii angeniita mimi kwenye duru. Mablanketi, nini kibaya? Nilisoma ule ujumbe mara nyingi. Hakuna kitu nilichokuwa nimekitamani zaidi tangu kadi yangu ilipoacha kufungua mlango.

Nikamjibu kwamba nashukuru, amwite yule kijana wa nyaya, ndiye aliyeyavalisha. Jumamosi nikaenda Skärholmen. Goreti alipika ugali na ndagala za kwao, yaani dagaa, zile ndogo zilizokauka vizuri, na mjukuu wake alitusemesha kwa Kiswidi nasi tukamjibu kwa Kiswahili mpaka akakubali. Simu ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa chumbani. Wakati fulani tukiwa tunaosha vyombo nilijua kwamba sasa Lennart anazunguka, sasa ameshafika kwenye mablanketi. Goreti akaniona nimesimama na sahani.

"Una nini?" akaniuliza.

"Leo Lillan anaruka," nikasema. "Na nilitaka kuwa kule. Na nilitaka kuwa hapa zaidi."

Akanipokonya sahani, akaifuta.

Kwa hiyo, wanangu, rekodi mliyoniomba ni hiyo, safari tano nilizozijua. Ya sita imesharuka, na nasikia kwenye simu zenu kuna picha. Mimi msiniulize. Nilikuwa kwa Goreti.